Tusiache dalia, mchaichai na migomba ife kila Novemba: uzi wa majadiliano kuhusu kulaza mimea ya joto kwenye nchi za baridi, na daftari la maua yanayochanua nje ya msimu

#1 MamaBustani, Reading, Uingereza (21 Novemba)

Habarini za jioni ndugu zangu.

Leo asubuhi nimetoka nje kabla ya kwenda zamu, nikakuta majani ya dalia zangu yote meusi, yamelegea kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Jana jioni yalikuwa mabichi na maua mawili mekundu juu yake. Sakitu ya kwanza, ule umande ulioganda, imeingia. Kazi imeanza, na kwa kuwa kila mwaka naulizwa maswali yale yale na wenzetu waliohamia huku, nimeona niyaandike yote mahali pamoja. Uzi ni mrefu, kaeni na chai.

Nimezaliwa Soni, Lushoto. Baridi ya Juni na Julai naijua, ile ya ukungu kushuka mpaka mlangoni na watoto kwenda shule na masweta mawili. Lakini kule migomba inakaa, magimbi yanakaa, kahawa inakaa. Nilipofika Uingereza nilipanda kwa mazoea ya nyumbani. Miaka mitatu mfululizo nilipanda Mei, vikapendeza, vikafa Novemba, nikanunua tena. Niliona ndivyo dunia ya huku ilivyo. Halafu jirani yangu, bibi mmoja mtu mzima sana, akaniita bandani kwake akafungua boksi la mbao. Ndani kulikuwa na viazi vya dalia vimefukiwa kwenye mchanga mkavu. Akaniambia baadhi anavyo tangu mwanawe wa kwanza aolewe. Ni ukoo ule ule, anachimbua, analaza, anagawa, anapanda tena. Nilirudi nyumbani na vitatu mkononi.

Mimi naita kazi hii kulaza, kwa sababu ndicho kinachofanyika. Mmea haufi ukilazwa vizuri, unalala.

Tuanze na jambo linalowaangusha wengi. Watu wanadhani adui ni baridi peke yake. Baridi inaua, ndiyo: maji yaliyo ndani ya jani yakiganda yanaharibu utando wa chembe hai zake, na jua likitoka jani linakuwa limekwisha. Mmea wa asili ya huku hujiandaa tangu Septemba, mingine hudondosha majani, mingine huongeza sukari kwenye utomvu wake ili usigande upesi. Mchaichai haujawahi kufundishwa hayo. Lakini nimechimbua mimea mingi iliyokufa, na mara nyingi chini ya udongo sikukuta kilichogandishwa. Nilikuta kilichooza. Mzizi uliolala haunywi maji. Ukiuacha kwenye udongo baridi uliolowa miezi minne, kuvu linaula taratibu, na wewe huoni chochote mpaka Aprili unapochimba na kukuta uji.

Nilijifunza kwa gharama. Desemba 2022, kuanzia kama tarehe 7 hadi 17, Uingereza nzima ilishikwa na baridi kali. Kipimajoto changu kilisoma nyuzi 8 chini ya sifuri. Miaka miwili iliyotangulia ilikuwa laini, dalia nilizoacha ardhini zilipona zenyewe, nikabweteka. Nilikuwa na kumi na mbili. Nane zilikuwa chini kabisa mwa bustani, kwenye mfinyanzi, maji yanapokusanyika. Nne zilikuwa kwenye tuta lililoinuliwa, ukutani upande wa kusini, nimezifunika kwa matandazo ya majani makavu. Baridi ilikuwa moja, mbegu moja, usiku ule ule. Zile nane zote zilioza. Zile nne zikachipua Mei. Tangu siku hiyo mtu akiniuliza "hapa kwetu dalia zinavumilia nyuzi ngapi?" namjibu aniambie kwanza maji yanaelekea wapi.

Sasa mmoja mmoja.

Dalia. Subiri sakitu iunguze majani, usiwe na haraka. Wiki za mwisho za vuli ya huku, kabla ya majira ya baridi, ndipo kiazi kinanenepa. Kisha kata shina libaki kama kiganja kimoja. Chimba mbali na shina, kwa uma si kwa jembe, maana viazi vimeshikana kama vidole na shingo zake ni nyembamba. Na hili la shingo lisikilizeni sana: jicho la dalia haliko kwenye kiazi chenyewe kama la kiazi mviringo. Liko juu, pale shingo inapoungana na shina. Kiazi kinene kilichokatika shingo kitakaa boksini mpaka mwaka ujao na hakitatoa hata chipukizi moja. Ukishachimbua, kipindue, shina liangalie chini, kwa wiki mbili hivi mahali pakavu, kwa sababu shina la dalia ni tundu tupu na linabeba maji hadi katikati ya shina-mama. Halafu fukia kwenye mchanga au maranda ya mbao makavu, mahali pasipoganda ila pasiwe na joto. Kati ya nyuzi 3 na 10 panatosha. Kila mwezi fungua, bonyeza. Kilicholegea kama embe bovu kikate mpaka ukutane na nyama nzima. Kilichosinyaa kama mzee kirushie matone machache ya maji. Na weka kibandiko cha jina kwenye kila kimoja, siyo juu ya boksi.

Migomba. Hapa ndugu zetu wanalia sana. Mgomba unaouzwa huku kwa wingi ni Musa basjoo. Asili yake ni China, ndizi zake hazilikwi, lakini shina-mzizi lake linavumilia. Unakata majani, unauzungushia wavu wa kuku, unajaza nyasi kavu katikati, juu unaweka kifuniko mvua isiingie. Hata shina likifa, watoto watatoka chini. Mgomba mwekundu wa mapambo, Ensete, ni mwingine kabisa. Huo kwa kawaida hautoi watoto. Ukioza moyo, umekwisha, hakuna wa kurithi. Kwa hiyo Ensete unachimbuliwa: kata majani, bakiza lile la katikati lililojikunja, tikisa udongo, uelekeze kichwa chini siku kadhaa maji yatoke kwenye magubi, kisha uweke mkavu kabisa ndani hadi Machi.

Mchaichai. Huu ndio unaoniuma kuona watu wanautupa. Oktoba, kabla ya sakitu yoyote, kata majani ubakize kama sentimita 15 (majani kausheni, chai ya majira yote ya baridi hiyo), ng'oa shina lote, ligawe, panda vipande viwili vitatu kwenye vyungu vidogo, weka dirishani chumba kisicho na joto kali. Maji kidogo sana. Utakauka kingo, utakuwa mbaya wa sura, usiuhukumu.

Pilipili mbuzi. Wengi hawajui kwamba mpilipili ni mti wa miaka, si wa msimu. Punguza matawi libaki umbo la manati, suuza mizizi, badilisha udongo, angalia vidukari chini ya majani kabla hujauingiza ndani. Majani yakianguka yote usishtuke. Kwaruza gome kwa ukucha. Kijani kikionekana, upo.

Magimbi kama dalia tu, ila makavu zaidi. Asumini kwenye chungu, ndani, penye mwanga, nyuzi zisishuke chini ya 10. Adui wake ndani ya nyumba ni hewa kavu ya mabomba ya joto inayoleta utitiri, kwa hiyo uogeshe majani kila wiki.

Kuna kiua kimoja nakitaja kwa mapenzi. Waingereza hukipanda kila kiangazi kwenye vyungu vya barazani, cha waridi, chekundu, cheupe, na sakitu ya kwanza hukifanya maji. Kitaalamu ni Impatiens walleriana. Kwetu kinaota kandokando ya vijito penye kivuli. John Kirk, balozi wa Kiingereza Zanzibar, ndiye aliyekituma Kew, bustani ya mimea ya kifalme London, na mwaka 1882 Joseph Hooker, mkuu wa bustani hiyo, akakipa jina Impatiens sultani kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Jina limebadilika, kiua ni kile kile. Sikilazi, Septemba navunja vikonyo vitano, naviweka kwenye glasi ya maji dirishani, vinatoa mizizi ndani ya siku kumi hivi. Mkiona mtu anakinunua upya kila Mei, mwambieni.

Kesho nitaandika sehemu ya pili, ya daftari.

---

#2 Theluji_MN, Minneapolis, Marekani

Dada asante sana, nimesoma mara mbili. Hapa kwetu ardhi inaganda hata zaidi ya mita moja kwenda chini, kwa hiyo habari ya kuacha kitu ardhini hatuizungumzi kabisa. Mwaka jana nililaza dalia gereji. Januari ikafika nyuzi 25 chini ya sifuri nje, gereji nayo ikaganda, boksi zima likawa mawe. Mwaka huu nataka kuziweka chini ya nyumba karibu na tanuri la joto. Ni sawa?

#3 MamaBustani

Kaka, karibu na tanuri hapana. Joto likizidi nyuzi 12 au 15 kiazi kinadhani masika, yaani mwisho wa majira ya baridi, yamefika, kinachipua gizani Januari, kinamaliza akiba yake na kusinyaa. Chini ya nyumba ni sawa, ila kona ya mbali na tanuri, kwenye ukuta wa nje, na boksi lisiguse sakafu. Weka kipimajoto kile kinachokumbuka joto la chini na la juu la siku nzima, ukiache wiki moja kabla hujapeleka dalia. Pima kwanza. Bandani kwangu niliamini kona fulani ndiyo ya joto, kipimajoto kikanionyesha ni ile nyingine.

#4 Wa_Makete, Makete, Njombe

Shikamoo mama. Nimesoma nikacheka kwa furaha kuona neno sakitu, maana watu wakisikia Tanzania wanadhani ni jua tu. Huku kwetu Juni na Julai asubuhi majani ni meupe, viazi na maharage vinaungua usiku mmoja. Lakini kuna jambo sijakubaliana nawe. Umesema maji ndiyo yanaua. Sisi tukiona jioni anga jeupe halina wingu na upepo umetulia, tunamwagilia shamba. Lililomwagiliwa linapona, lililo kavu linaungua. Nimeona kwa macho yangu si mara moja.

#5 MamaBustani

Marahaba mwanangu, na umenikamata pazuri. Uko sahihi, na mimi sikueleza vya kutosha.

Sakitu yenu ni ya usiku mmoja. Anga likiwa jeupe, joto lote la ardhi linapanda juu bila kizuizi, hewa nzito ya baridi inatulia chini, na majani yanaweza kuwa baridi kuliko hewa iliyo juu ya kichwa chako kwa nyuzi tatu au nne. Ndiyo maana kipimajoto cha ukutani kinaweza kusoma nyuzi 3 na shamba likaungua. Udongo mkavu umejaa hewa, haubebi joto. Udongo uliolowa unalinywa jua mchana na kulirudisha usiku polepole. Kwa hiyo maji yenu ni blanketi la usiku mmoja, na mimea yenu iko macho, inakua, inakunywa.

Baridi ya huku ni ya miezi minne, mmea umelala, na maji hayaendi popote. Hapo ndipo yanapogeuka. Hata mimi Mei, nikiwa nimeshatoa miche nje na wakatangaza sakitu ya kuchelewa, namwagilia kama wewe. Kwa hiyo nirekebishe maneno yangu: mmea uliolala, uweke mkavu, mmea ulio macho, usiku wa sakitu, udongo wake uwe na maji.

#6 Nyandarua_Viazi, Kinangop, Kenya

Kweli kabisa. Kwetu sakitu haiji mwezi wa sita, inakuja Januari, wakati wa kiangazi, kwa sababu hiyo hiyo ya usiku bila mawingu. Watu wa Nairobi wanashangaa: mchana jua la kuchoma ngozi, alfajiri barafu kwenye nyasi. Anayelima bondeni anaumia kuliko anayelima mteremkoni, hewa baridi inateremka kama maji.

---

#7 MamaBustani (23 Novemba)

Naam, sehemu ya pili. Hii ndiyo iliyonifanya nifungue uzi.

Baada ya ule msiba wa Desemba 2022 nilijiuliza: mbona sikujua? Ningejuaje kwamba miaka miwili ya kupona ilikuwa bahati? Sikuwa na maandishi yoyote. Nilikuwa na kumbukumbu, na kumbukumbu ya mtunza bustani inapenda kushika maua na kusahau vifo. Siku ya mwaka mpya 2023 nikanunua daftari.

Huku kuna desturi nzuri. Chama cha wataalamu na wapenzi wa mimea cha Uingereza na Ireland, BSBI, kila mwanzo wa Januari huwaita watu watoke nje, popote walipo, wahesabu mimea ya porini iliyochanua. Matembezi mamoja hayazidi muda wa saa tatu, na vilivyopandwa na mtu havihesabiwi. Walioianzisha desturi hiyo ni Tim Rich na Sarah Whild, mwaka 2012. Nilikwenda na binti yangu, tumevaa kofia na glavu, nikidhani tutarudi mikono mitupu. Siku chache tu zilikuwa zimepita tangu baridi ile kali. Tukapata kumi na moja kwenye mtaa wetu na ua la kanisa! Kile kiua cheupe cha kwenye nyasi chenye kitovu cha njano, Bellis. Senecio, kile kigugu cha vichwa vya njano vinavyofanana na brashi ndogo. Taraxacum, ya njano pia, kwenye ufa wa lami, imejibana chini kabisa kama inajificha upepo. Binti yangu alikuwa na miaka tisa, akawa anapiga magoti kwenye barafu.

Nilichojifunza siku ile ni hiki: ua la Januari lina aina mbili, na ukiziandika pamoja bila kutenganisha, daftari lako halisemi kitu. Kuna lililochelewa: lilianza kuchanua kiangazi au vuli, na kwa kuwa baridi haijalifikia, limeendelea. Waridi la mwisho, fuksia, pelagoni kwenye kibaraza. Na kuna lililowahi: la masika, ambalo halikupaswa kuonekana mpaka Machi. Katika hesabu za BSBI, yaliyochelewa ndiyo mengi kuliko yaliyowahi. La kwanza linakuambia sakitu ilikawia. La pili linakuambia mmea umeamshwa, au na joto, au na kitu kingine. Desemba 2015 ilikuwa ya joto kuliko Desemba zote zilizopimwa hapa, na dafodili, ambazo ni maua ya Februari na Machi, zilichanua kabla ya Krismasi. Hayo yalikuwa yamewahi.

Namna ninavyoandika: tarehe. Mahali hasa, hata "upande wa kusini wa ukuta wa jikoni". Limepandwa au limejiotea. Hatua: tumba, limefunguka, limenyauka. Mimi nahesabu limechanua pale tu ninapoona chavua au sehemu inapotokea; tumba lililotoa rangi halihesabiki, hata moyo ukitamani. Joto la chini la usiku uliopita. Mwisho herufi moja, C la kuchelewa au W la kuwahi, na kama sijui naacha wazi. Nazunguka kila Jumapili, njia ile ile. Na nikikuta hakuna kitu naandika "hakuna". Wiki ya "hakuna" ina thamani sawa na wiki ya maua kumi.

Msidhani ni kazi ndogo ya akina mama wasio na shughuli. Robert Marsham, mwenye mashamba wa Norfolk, alianza mwaka 1736 kuandika siku maua, majani na ndege vinapotokea, na ukoo wake ukaendelea mpaka 1958. Kule Kyoto, Japani, tarehe za kuchanua kwa micheri zinaweza kufuatiliwa tangu mwaka 812, na kilele cha 26 Machi 2021 kilikuwa cha mapema kuliko vyote vilivyokuwa vimeandikwa hadi wakati huo, katika miaka kama 1,200. Mwaka 2022 watafiti wa Cambridge wakiongozwa na Ulf Büntgen walichukua kumbukumbu zaidi ya laki nne za aina 406 za mimea ya Uingereza, nyingi za watu wa kawaida, wakakuta kwamba kati ya 1987 na 2019 maua ya kwanza yalitokea karibu mwezi mmoja mapema kuliko kabla ya hapo. Kompyuta hazikuwepo 1736. Ni mtu, kalamu na mlango wa nyumba yake.

Na linarudi kwenye kulaza. Mmea uliochanua mapema umefungua milango yake. Sakitu ya Machi au Aprili ikija, unapoteza zaidi kuliko uliokuwa umelala. Tangu nianze kuandika sitoi dalia nje kwa sababu ya jua zuri la Aprili. Daftari langu lina sakitu ya tarehe 9 Mei.

#8 Mpita_Njia

Samahani mama, siyo kwa ubaya. Mtu anafanya zamu mbili, ana watoto, atapata wapi muda wa kuandika maua? Faida yake kwa mtu wa kawaida ni ipi?

#9 MamaBustani

Swali la haki kabisa. Mimi pia nafanya zamu, katika nyumba ya kutunza wazee. Inanichukua dakika ishirini Jumapili. Faida ya hela ipo, sinunui mimea tena. Lakini nikuambie ukweli wa moyo wangu: Januari ya huku, unatoka nyumbani giza, unarudi giza. Nilikuwa naumwa na huzuni kila mwaka tangu nimefika. Kutafuta kilichochanua kulinilazimisha kuinua macho. Na wazee kazini wameanza kuniuliza "wiki hii umeona nini?" Mmoja wao alikuwa mtunza bustani maisha yake yote, hawezi tena kutoka kitandani. Nampelekea daftari namsomea.

#10 Kahawa_Mbinga, Mbinga, Ruvuma

Mama umegusa kitu ambacho sisi wakulima wa kahawa tunakipata kila mwaka bila kukiandika. Kahawa inakaa na matumba kavu wakati wote wa kiangazi, inasubiri maji. Mvua ya kwanza ikipiga, baada ya siku nane, kumi, shamba zima jeupe na harufu yake mpaka barabarani, siku mbili tatu limeisha. Lakini ikitokea mvua ya kupotea mwezi wa nane, hata ya saa moja, matumba yaliyokomaa yanafunguka. Baadaye kwenye tawi moja una mbivu, mbichi na ua. Unachuma mara sita badala ya tatu, na wachumaji unawalipa kila mara.

#11 MamaBustani

Hili ni darasa, asante sana. Sasa fikiria: arabika kutoka ua hadi tunda jekundu ni kama miezi minane hivi. Ukiandika tarehe ya mvua ile ya kupotea na sehemu gani ya shamba ilichanua, utajua mapema lini na wapi utahitaji wachumaji. Ua la nje ya msimu linakuwa kalenda. Andika mwaka huu, tafadhali.

#12 BintiMuscat, Muscat, Oman

Assalaam aleikum. Mimi wazazi wangu ni wa Unguja, na huku kwetu kila kitu ni kinyume. Msimu wa bustani ni huu sasa, Novemba hadi Machi. Tunachokilaza tunakilaza Juni, kwa joto la nyuzi 45. Asumini ya bibi yangu iko kwenye chungu kikubwa, kiangazi tunakihamishia upande wa kaskazini wa nyumba na kukifunika wavu wa kivuli, tunamwagilia alfajiri tu, na chungu tunakitia ndani ya chungu kingine maana ukuta wake unachemka na kupika mizizi. Inasimama, haichanui, Oktoba inaanza tena. Sikuwahi kufikiri kwamba ni kazi ile ile mnayofanya huko kwenye theluji.

#13 MamaBustani

Waaleikum salaam mwanangu. Ni ile ile. Chungu ndani ya chungu nimelichukua. Mwaka huu nitajaza majani makavu kati ya viwili kwa ajili ya ndimu yangu.

---

#14 MamaBustani (2 Januari)

Heri ya mwaka mpya. Hesabu ya jana, mtaa ule ule na ua la kanisa, kwa muda wa saa mbili na nusu: mimea ya porini kumi na nne. Kumi na moja C, mbili W, moja nimeacha wazi. Moja ya W ni mhazeli, ule mti unaoning'iniza vishada vya njano, Corylus. Hapa kwetu kwa kawaida naona mwishoni mwa Januari. Bustanini, pelagoni tatu bado zina maua nje, kwa kuwa joto la chini kabisa tangu Novemba limekuwa nyuzi 2 chini ya sifuri tu. Nimefungua maboksi: dalia kumi na nne, moja imeanza kulegea shingoni, nimekata.

#15 Theluji_MN

Kona ya mbali na tanuri inasoma nyuzi 7 hadi 9. Nje ni 22 chini ya sifuri. Zote ngumu! Asante dada.

#16 MamaBustani (19 Aprili)

Nimepandikiza vyunguni. Kumi na mbili kati ya kumi na nne zina macho, mengine mekundu kama vichwa vya kiberiti. Mbili zimekufa, moja ilikatika shingo wakati wa kuchimba, kosa langu, nyingine sijui. Mchaichai vyungu viwili kati ya vitatu. Mpilipili umetoa majani kwenye kila kifundo. Mgomba nimefunua nyasi: shina limeoza juu, nimekata kipande kwa kipande hadi nikakuta weupe safi kwenye kimo cha goti. Katikati kuna jani limejikunja, urefu wa kidole.

#17 Wa_Makete (24 Juni)

Shikamoo mama. Nilinunua daftari Februari sikusema. Sasa ni zamu yetu ya baridi. Naweka niliyoyaandika mwezi huu:

3 Juni, hakuna sakitu. 10 Juni, hakuna. 17 Juni, sakitu bondeni tu, mteremkoni hakuna, nilimwagilia jioni matuta manne, matatu hayakumwagiliwa. Yale matatu yameungua ncha. Leo 24 Juni, mfyulisi (mpichi) ulio nyuma ya jiko umechanua matawi mawili. Yetu huchanua Julai mwishoni kuelekea Agosti. Mingine mitano bado mitupu. Nimeandika W, lakini sijui nani kauamsha.

#18 MamaBustani

Marahaba, marahaba! Mwanangu, umefanya jaribio kamili na hukujua. Niambie, mti huo mwezi wa tatu au wa nne ulipoteza majani? Ulishambuliwa na viwavi, au kuna mtu aliyapukutisha? Mfyulisi na mtofaa (mti wa apple) ukipoteza majani kabla ya wakati, matumba yaliyokuwa yamezuiliwa na majani hayo yanaweza kufunguka. Huko nchi za joto kuna wakulima wa matofaa wanaoyapukutisha kwa mikono makusudi ili wapate maua.

#19 Wa_Makete

Viwavi, Aprili. Walikula upande wa jikoni tu, nikawaua kwa majivu. Na ni matawi hayo hayo mawili. Naenda kuongeza kwenye mstari wa leo.